Zima Saa Mbili

Kavata alikuwa ametoboa nusu ya kadi za wiki hiyo simu ilipolia mezani kwa meneja. Kupitia kioo alimwona meneja akivua miwani kabla ya kutazama upande wake. Hivyo ndivyo alivyojua. Mumewe, Matheka, alikuwa amelazwa siku tatu tu. Mapafu. Jumatatu hiyo mashine aliyoiendesha upande wa pili wa ukuta haikunguruma.

Waliporudi kutoka mazishini Machakos, meneja alimkabidhi ufunguo wa chumba cha mashine.

"Pole tena, Mama Nthoki. Lakini wewe ndiye uliyekaa na fundi wake. Hatuna mwingine."

Kweli hawakuwa na mwingine. Kampuni ya ng'ambo iliyounda mashine hiyo iliacha kuiunda, ikaacha kutuma vipuri, mwishowe ikafunga ofisi yake mjini kwa barua fupi ya kuwatakia heri. Tangu hapo Matheka ndiye aliyekuwa kampuni. Magurudumu madogo ya mpira ya kuvuta kadi yalipolika, aliyapeleka Kariokor kwa mafundi wa akala, wakamkatia mengine kwa mpira wa gari. Mashine ikaendelea, ila chumba kikawa kinanuka kama kiatu kilichosahauliwa karibu na jiko.

Kila Jumatatu mashine ilipitishiwa kadi za mitambo yote ya kiwanda cha sabuni, kadi moja kwa kila boila na kila tangi la mvuke, ikachapa orodha ya valvu za kukaguliwa wiki hiyo. Thuo, fundi wa boila, aliifuata orodha. Kisichokuwemo hakikuguswa. Hiyo ilikuwa amri.

Matheka hakuacha kitabu. Aliacha kipande cha katoni ubavuni mwa mashine, kimeandikwa kwa mwandiko wake wa kulala: ZIMA SAA MBILI. Kavata alitii. Ilipofika saa mbili kamili asubuhi alizima, akasimama kidogo, kiganja juu ya bati lenye joto, kisha akawasha tena na kuendelea hadi adhuhuri. Hakuelewa sababu. Lakini mambo mengi ya Matheka aliyafuata bila kuelewa sababu, na hakuwahi kujuta.

Wiki ya saba Thuo aliingia bila kubisha.

"Mama Nthoki, unachapa orodha au unachapa Biblia? Nimekungoja saa mbili hapo nje!"

"Usinipigie kelele. Shika."

Thuo alishusha kidole chake cheusi kwenye karatasi. "Na namba kumi na nne? Ameokoka, hahitaji tena kukaguliwa?"

"Kumi na nne gani?"

"Lile tangi la karibu na wafungaji wa sabuni. Lilikuwa likija kila baada ya wiki mbili. Tangu mzee atuache sijaliona. Nilidhani mmelifuta."

Kavata alipekua kadi. Kumi na nne ilikuwemo. Akazipitisha upya, macho yake yakiwa mlangoni pa mashine, akaona kumi na tatu na kumi na nne zikiingia pamoja, zimeshikana kama chapati mbili za moto, mashine ikisoma ya juu tu. Alizima, akagusa magurudumu. Mpira ulikuwa umelainika, ukamnata kidoleni.

"Umesema umengoja muda gani?"

"Saa mbili, mama. Tangu saa nne."

Akageuka kutazama katoni. Haikuwa saa mbili ya asubuhi. Ulikuwa muda. Mashine ipumzishwe saa mbili nzima, mpira upoe. Akaukumbuka ule ukimya mrefu wa ukutani kila Jumatatu, na jinsi alivyomgombeza nyumbani: "Wewe chai yako huisha lini?" Naye Matheka alikuwa akicheka tu.

Thuo alikuwa ameshaondoka mbio. Aliporudi hakuwa na utani.

"Valvu imeshika. Nimeigonga kwa nyundo, haisogei."

Walimkuta meneja akitia sahihi barua.

"Zima tangi, bosi," Thuo alisema.

"Oda ya Kampala inatoka Ijumaa. Limechemka wiki saba, limemuua nani?"

"Limechemka wiki saba bila mahali pa kupumulia."

"Basi waondoe wale vibarua kando yake," Kavata alisema. "Wanawake ishirini wa Mukuru, bwana. Mmoja ana mimba."

Meneja aliinua orodha. "Tangi hilo halimo."

Kavata alirudi chumbani. Hakugusa swichi. Alikaa kwenye stuli ya Matheka, akasikiliza mvuke ukipiga mluzi mwembamba nje ya dirisha, hadi saa mbili zikaisha. Ndipo akawasha. Namba kumi na nne ikachapwa, ya tano kutoka juu, wino mweusi. Mwenyewe akaipeleka orodha.

Meneja aliisoma polepole, akatia sahihi, akaiweka kwenye trei.

Valvu mpya imeagizwa. Itafika baada ya wiki sita. Tangi namba kumi na nne huwashwa saa moja asubuhi, na vibarua hufunga sabuni kando yake hadi jioni.