Miwani Iliyosafishwa kwa Dawa ya Bunduki

Kama una mtoto anayecheza vita vya Jumapili, usihangaike kukagua bunduki yake. Bunduki itakuwa safi kuliko meno yake. Kagua miwani ya kuvaa machoni. Nasema haya nikiwa mama wa mmoja wao, na nilikaribia kuchelewa.

Mwanangu Kiyotaka ana miaka ishirini na saba. Siku sita anaendesha foklifti kwenye ghala la karanga hapa Yachimata, Japani, siku ya saba ni komando. Komando huyu akiona mende bafuni ananiita mimi. Ana sare za jeshi la nchi ambayo hajawahi kukanyaga, na mfuaji wa jeshi hilo ni mimi. Ana kizibao chenye mifuko ya mabomu, na ndani ya mifuko hiyo anaweka matonge ya wali ninayomfungia asubuhi.

Mke hajachagua mpaka leo, lakini bunduki aliichagua majira mazima ya baridi. Ni bunduki ya kuchezea, inarusha punje za plastiki, ila ukiiona gizani utainua mikono. Ilikuwa ni simu kila jioni: ya gesi au ya betri? Ya gesi inautikisa mkono kama bunduki ya kweli lakini inalegea kwenye baridi. Ya betri haijali baridi lakini inalia kama mashine ya kusaga kahawa. Aliyekuwa akimshauri ni Nukaga, mwanamume wa miaka arobaini na kitu anayeuza magodoro karibu na stesheni. Wachezaji wote wanamwita Kapteni. Ukapteni alijipa mwenyewe, kwa sababu gari la kuwabebea ni lake.

"Kwanza bunduki," Nukaga alimwambia, ameketi kwenye mkeka wangu akinywa chai yangu. "Vingine vitafuata."

"Na macho yatafuata lini?" nikauliza.

"Mama nawe. Macho anayo tayari."

Nilikataa katakata. Nikasema bila miwani ya maana, bunduki haingii nyumbani kwangu. Basi Kiyotaka akanunua miwani mizuri, minene, ya plastiki ngumu. Hapo nikatulia, na kutulia ndiko kulikoniponza.

Maana bunduki ikishanunuliwa inataka kutunzwa, na utunzaji wake ni ibada. Walitandika magazeti mezani, Nukaga akawa anafundisha. Mtutu unapitishwa kitambaa laini kwa kijiti, na mafuta yawe tone moja tu, yakizidi punje zinapinda njiani. Magazini, yaani kisanduku cha punje, kwenye bunduki yake ya gesi isiachwe tupu, ibaki na gesi kidogo, la sivyo mipira ya ndani inakauka. Springi ya ile ya betri ya mwanangu ilegezwe kabla ya kulala. Kitambaa chenyewe kilikuwa kile laini kilichokuja na miwani. Mwanangu hajawahi kunishika bega kwa upole alioushika nao mtutu ule.

Kisha wakafika kwenye miwani. Ilikuwa mwezi wa sita, mvua hazikatiki, na msituni vioo vinaingia ukungu na jasho mpaka mtu haoni mkono wake. Nukaga akachukua kopo la dawa ya kupuliza, ile ya kuondolea grisi kwenye gia za bunduki. Akapuliza vioo, akafuta kwa shati. Vikang'aa.

"Hiyo si ya grisi?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Grisi inaondoka, sembuse jasho."

"Kopo linasema ipulizwe kwenye miwani?"

"Mimi yangu naipuliza hivi tangu mwaka juzi. Dawa moja, kazi zote."

Kwa hiyo bunduki ilifutwa kwa kitambaa cha miwani, na miwani ikafutwa kwa dawa ya bunduki. Watu wazima hao, wana leseni za udereva, na wanapiga kura.

Baada ya Jumapili kadhaa niliichukua miwani ile nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, karibu na pua, niliona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Nikapitisha ukucha. Haukukwama popote. Mkwaruzo unakwaza ukucha. Hizi zilikuwa ndani ya plastiki yenyewe.

Jioni nikamwonyesha Kiyotaka.

"Mikwaruzo hiyo, mama. Msituni kuna matawi."

"Weka ukucha wako hapa."

Hakuweka. Akampigia Kapteni, akaweka simu mezani nisikie hekima.

"Mwambie mama atulie," Nukaga akasema. "Nguvu ya bunduki zetu imebanwa na sheria. Hatuna cha kutisha hapa."

"Makopo ya soda yaliyotobolewa nyuma ya nyumba yangu yametobolewa na nini? Na kunguru?"

"Hayo ni makopo, mama. Bati jepesi."

"Na jicho ni chuma?"

Wakacheka wote wawili. Nukaga akasema timu ikikosa mpiga kelele wa kuwatisha maadui, watanifuata.

Basi Jumapili iliyofuata niliamka kabla ya Kiyotaka, nikaifukia miwani kwenye pipa la mchele, chini kabisa. Akatafuta begi zima. Akatafuta kabati. Akanitazama.

"Mama, iko wapi?"

"Mahali salama."

"Mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima anayefuliwa soksi. Nunua nyingine, nitakufungia wali."

Nje gari la Kapteni likapiga honi. Kiyotaka akafungua mlango akaeleza, nami nikasikia kila neno. Nukaga akachungulia kwenye dirisha la gari, amevaa kofia yake ya jangwani, mvua inamdondokea.

"Panda, Kiyo. Pale uwanjani wanakodisha vinyago. Utafanana na mfuga nyuki, lakini mama atalala usingizi."

Akaondoka bila kula na bila kuniaga. Nilikaa na wali wake mezani mpaka ukapoa, nikijiuliza kama nimemlinda au nimemwaibisha tu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe jioni. Uwanja uko ndani ya misonobari, nje kidogo ya mji. Asubuhi kila bunduki inapimwa kwa mashine, ikizidi nguvu haiingii, ikifaa inafungwa utepe. Bunduki moja moja, wamekaza nyuso kama madaktari. Miwani wanauliza tu: unayo? Unayo. Ingia. Kiyotaka alikodishiwa kinyago cha kufunika uso mzima, kinanuka jasho la watu, na timu nzima ikamcheka. Aliyecheka zaidi ni Kapteni. Kisha wakagawanywa, wengine utepe mwekundu, wengine wa njano, na Kiyotaka na Kapteni wakawa maadui.

Kiyotaka akajibanza nyuma ya rundo la mbao. Kapteni akaja akinyata. Kiyotaka akampiga, mfululizo mmoja. Kapteni akainua mkono, akasema "nimepatwa," akageuka akaenda zake.

Hapo lazima ujue mchezo wenyewe unavyoheshimiwa. Hakuna mwamuzi wa kukuambia umekufa. Unajisema mwenyewe, unainua mkono, unatoka. Na ukishatoka husemi na mtu, kwa sababu maiti hasemi. Asiyejisema wanamdharau kuliko mwizi. Nukaga ndiye aliyewafundisha wote sheria hiyo, na kwa kuifuata ni mtu wa dini.

Basi akatembea njia yote, mkono mmoja juu, mwingine umeshika uso. Alipishana na wenzake njiani. Mmoja akampiga bega kwa utani. Hakusema kitu. Na mwanangu nyuma ya mbao zake alikuwa anafurahi, maana hajawahi kumpata Kapteni hata siku moja. Mchezo ukaendelea mpaka filimbi. Waliporudi kupumzika wakamkuta kwenye benchi, taulo limelowa damu. Kioo cha miwani yake kilikuwa kimepasuka karibu na pua, na kipande kimeingia jichoni.

"Kwa nini hakupiga kelele?" nilimuuliza Kiyotaka.

"Ukishapatwa husemi, mama."

"Hata jicho likitoka?"

Alikuwa bado amevaa buti ndani ya nyumba, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kutembea, na sikumkemea. Akaomba miwani yake. Nikaichimbua kwenye mchele. Akaishika kwa vidole viwili, akaikunja kidogo tu, kama mtu anayejaribu biskuti. Ikakatika. Akaenda chooni, nikamsikia akitapika.

Tulikwenda kumwona Nukaga hospitali, nimebeba biwa za msimu, yale matunda matamu ya kusini. Jicho limefungwa. Daktari anasema mwanga ataona. Kusoma kwa jicho hilo haijulikani. Mkewe alikuwa pembeni anamenya matunda bila kututazama.

"Kiyo," akasema Nukaga, "bunduki yangu mliikausha? Ilikuwa mvua."

"Niliikausha, Kapteni."

"Na magazini? Usiiache bila gesi."

"Ina gesi."

"Kuna jicho la kushoto. Nitajifunza kulengea la kushoto."

"Na hilo ukilimaliza?" nikamuuliza. Mkewe akaacha kumenya.

Nukaga akamwambia mwanangu kwa sauti ya chini, kana kwamba sisi wanawake hatupo: "Wenzetu wakiuliza, waambie ni joto. Niliiacha miwani garini, plastiki ikachoka. Umenielewa?"

Kiyotaka akainama kwa heshima, akasema ameelewa. Nilimtazama mwanangu nikajiambia, basi, kwisha. Wachezaji kumi na wawili wa timu wamefundishwa kupuliza dawa ile, na huyu atauficha ukweli kwa sababu Kapteni ana gari.

Usiku ule nilikuwa naosha vyombo. Yeye alikuwa kwenye ngazi za nje na simu.

"Si joto," alikuwa anasema. "Ni dawa ya grisi, inakula plastiki. Ndiyo, ile. Najua Kapteni amesema joto. Chukua miwani yako uikunje sasa hivi, nasubiri." Akasubiri, kisha: "Umeona?"

Akampigia mwingine, na mwingine. Na kumpinga mkubwa wako hapa kwetu si jambo dogo.

Nukaga amemfuta kwenye timu. Mwanangu sasa anakwenda kwa treni, na kinyago cha mfuga nyuki alichonunua mwenyewe, na anakifuta kwa maji na sabuni. Sijaweza kumwachisha mchezo. Nasikia wa timu ile wawili bado wanaamini ni joto.