Usingizi wa Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa akifunga miche ya sabuni kwenye karatasi ya bluu, tajiri wa kiwanda aliposimama nyuma yake akipiga miayo. Wafanyakazi walimwita Bwana Hiari. Kwake kila kitu kilikuwa hiari: mshahara hiari, kazi ya ziada hiari, na asiyetaka, mlango uko wazi. Mwaka mzima hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

"Wewe unalala, mama?" aliuliza.

"Kama gogo, bosi."

"Basi niuzie."

Mwanasheria wa kiwanda aliitwa. Alieleza kwa upole kwamba mwili ni mali ya kwanza ya binadamu, hivyo usingizi ni wake kuuza au kubaki nao, na serikali haina la kusema pale watu wazima wawili wanapokubaliana. Mama Pacha alimfikiria mwanawe Kulwa, aliyekuwa amelala nyumbani akikohoa kikohozi kikavu bila dawa. Akaweka dole gumba kwenye mkataba.

Usingizi ulimtoka kisogoni, mzito na wa vuguvugu kama mafuta yanayoanza kuganda. Bwana Hiari aliukinga kwa kikombe chake cha chai, akaunywa, kisha akalamba vidole kimoja kimoja.

Dawa ilinunuliwa. Kulwa akapona. Mama yake akawa anakesha, na kwa kuwa anakesha, akachukua na zamu ya usiku.

Bwana Hiari alilala kila mchana kwenye kochi la ofisini, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Wa kwanza kumsikia alikuwa mdogo wake Mama Pacha, aliyekuwa akikoroga mapipa ya magadi.

"Dada, yule mtu anakoroma kama wewe. Nusura nitapike."

Wakaenda kusikiliza. Ute ulimchuruzika hadi kwenye mto, vipande vya nyama vimemganda menoni. Katikati ya mkoromo mmoja na mwingine, mdomo ule ukasema kwa sauti ya marehemu mama yao, "Wanangu, mmekula?"

Tangu azikwe, mama alikuwa akimjia Mama Pacha ndotoni. Sasa alikuwa amehama pamoja na usingizi.

"Tumekula, mama," Mama Pacha akaitikia.

"Usimjibu! Humo mdomoni mwa fisi?"

"Ndimo alimo. Nimfuate wapi kwingine?"

Jioni Mama Pacha alimwambia bosi kwamba yeye aliuza usingizi, hakuuza mama. Mwanasheria akasema aliyeuza kuku ameuza na mayai yaliyomo tumboni. Bwana Hiari hakukasirika. "Soko liko wazi," alisema. "Ukimtaka, mnunue."

Hakumudu. Wafungaji wengine walikuwa wameanza kuuza usingizi wao, na kadiri foleni ilivyorefuka ndivyo walivyolipwa kidogo. Bwana Hiari alijaza chupa, akaziuza kwenye majumba makubwa kwa bei ileile ya juu. Walioishiwa usingizi walifanya zamu mbili bila kusinzia. Waliobaki nao wakaonekana wavivu, wakaanza kupunguzwa. Hakuna aliyeshikiwa panga. Mwanasheria alilirudia hilo mara nyingi, huku akichokonoa meno.

Mdogo mtu alivumilia hadi zamu yake ilipokatwa. Akajipanga foleni kama wenzake, akakubali nusu ya alichopata dada yake. Bwana Hiari aliunusa usingizi wake kabla ya kuunywa, akasema una harufu ya magadi, akapunguza bei tena.

Siku iliyofuata, mchana, dada wawili walisimama kwenye mlango wa ofisi, macho mekundu. Bwana Hiari alikuwa chali, shati limepanda, tumbo nje. Akajamba. Kisha mama akasema, "Mbona mmesimama, wanangu? Mmechoka. Njooni mlale."

Mdogo mtu akaurudisha mlango polepole, tajiri asije akaamka na kumkatiza mama. Wakarudi kazini.