Kambi Iliyokatazwa

Gelasius alikuwa akifunga mizigo ya safari sebuleni kwao mtaani Regent Park, ughaibuni, mkewe alipomuuliza swali alilokuwa akilikwepa wiki nzima.

"Baba Elinaza, mna hakika mnaruhusiwa kulala huko?"

Asumpta alisimama mlangoni, barakoa ikining'inia sikioni. Alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako mwezi ule wazee walikuwa wakifariki mmoja baada ya mwingine. Hakumkaribia mtu kabla ya kuoga.

"Ni msitu wa serikali," Gelasius akajibu. "Kila mwaka mimi na Erick tunalala pale. Msimu wa bata mzinga mwitu umefunguliwa, na leseni ninayo."

"Miaka hiyo hapakuwa na korona. Piga simu uulize."

Akapiga, zaidi ili yaishe. Alisubirishwa kwa muziki mpaka sikio likapata moto. Mwishowe mwanamke mmoja wa ofisi ya misitu akamweleza taratibu kwamba kuwinda kunaruhusiwa, ila kupiga kambi kwenye ardhi ya serikali ni marufuku mpaka itakapotangazwa tena.

"Hospitali za huko ni ndogo," akaongeza. "Watu wanaogopa wageni wa kutoka mjini."

Gelasius akashtuka, maana Erick alikuwa ameshatangulia msituni. Walikulia pamoja Bukoba, na Erick ndiye aliyemfundisha kuwinda. Akampigia.

"Kaka, kunja hema urudi. Wamekataza."

Kikohozi kikajibu kwanza, kikavu na kirefu. "Nani atatuona huku?"

"Unakohoa tangu lini?"

"Juzi. Vumbi la kazini tu." Akavuta pumzi kwa shida. "Ila nimechemsha kahawa, Gelasi, na hainukii. Nimeisogeza mpaka puani, hainukii kabisa."

"Nawaita watu wa huduma ya dharura."

"Usimwambie mtu. Wakinikuta hapa na bunduki, uraia wangu..."

Simu ikakatika. Gelasius akapiga tena na tena; haikupatikana.

"Alikuwa anapumua vipi?" Asumpta akauliza.

"Kwa vipandevipande."

Asumpta akafumba macho. "Wazee wetu huanza hivyo hivyo."

Gelasius akachukua funguo za gari. Mkewe hakusogea mlangoni. "Ni mwendo wa saa kadhaa. Na ukimfikia, utampa hewa ya wapi?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Akiwaita, rafiki yake angeweza kunyimwa uraia aliokuwa akiusubiri kwa miaka. Asipowaita, angekufa peke yake msituni. Na lilikuwepo la tatu: askari wamkute mtu mweusi mwenye bunduki, na homa imemchanganya hata haelewi anachoamriwa.

Akapiga namba ya dharura. Akaeleza njia, kiwanda cha mbao, kisha barabara ya udongo mpaka kwenye bwawa.

"Ana bunduki, ina leseni," akasema. "Ni mgonjwa, si mtu mbaya. Nawaomba mumwite jina lake kwanza. Erick. Mwambieni Gelasius ndiye aliyewatuma."

Kisha wakakaa wakingoja, yeye kwenye kochi, Asumpta sakafuni upande wa pili wa sebule. Nje king'ora kilipita, kikafuatiwa na kingine. Hakuna aliyegusa chakula.

Simu ilipoita, Gelasius aliogopa kuipokea. Askari akamwambia walimwita jina wakiwa mbali, naye akatoka hemani kwa kutambaa, mikono mitupu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alikuwa njiani kupelekwa hospitali.

Erick alikaa kwenye oksijeni muda mrefu, akatoka amekonda. Faini alitozwa, ombi lake la uraia halikuguswa. Lakini kwa majira yote ya joto hakupokea simu ya Gelasius. Majani yalipoanza kupukutika, akapiga mwenyewe.

"Nilikuambia usimwambie mtu," akasema.

"Ulisema."

Kisha Erick akauliza Asumpta anaendeleaje na kazi.