Okei ya Mwisho ya Mama Nakijwa

Usiku wa kuamkia leo niliota matanga ya mama yangu, Nakijwa, yamehamia chini ya meza ya jikoni, na sote tumeenea. Spika ya kukodi imekaa kwenye jamvi, inaongoza.

"Tunasoma wasifu wa neno Okei," inasema. "Baba wa neno ajitokeze."

Wanajitokeza wazee watatu. Wa kwanza anadai lilizaliwa Marekani, kwa utani wa waandishi wa magazeti. Wa pili anasema huo ni uongo, neno ni la Wachokto, wenyeji wa kule. Wa tatu anasema lilivuka bahari kutoka Afrika Magharibi, vinywani mwa watumwa.

"Matunzo mlitoa?" linauliza jamvi.

Wazee wanatafuta viatu vyao waondoke.

Mimi nimempakata binti yangu mchanga. Hana jina. Nilipokuwa mjamzito nilimpigia mama simu: "Mama, akiwa wa kike nimpe jina lako?" Akasema, "Okei," simu ikakatika. Hatukuongea tena. Sijui kama alikubali, maana mama alisema okei kwa kila kitu.

Sasa tuko uwanja wa shule. Okei zote za mama zimepanga mstari.

"Wewe ni ipi?"

"Ya chumvi imetosha."

"Na wewe?"

"Ya nimekusikia, nyamaza."

Inayofuata imeshika mwiko. "Mimi ni ya haya, utakiona." Naipita haraka.

"Natafuta ya kwenye simu," nasema.

"Ni mimi, dada," inajibu moja ya nyuma, miguu imejaa vumbi. "Laini ilikatika, nikamalizia kwa miguu."

"Mama alikubali?"

"Kwanza nina njaa. Ukoko upo?"

Naipa sufuria. Inakwangua taratibu, haina haraka na mtu.

"Alikuwa analia," inasema, mdomo umejaa. "Kwa furaha. Hakutaka umsikie, ndiyo maana akanitoa mimi peke yangu."

Nikaamshwa na kelele za mume wangu, Mbonea, jikoni.

"Mke wangu! Nani kakwangua sufuria? Ule ukoko niliulaza makusudi, niunywee chai!"

Sufuria ilikuwa inang'aa.

"Muulize Nakijwa," nikamwambia.

"Nakijwa yupi tena?"

Nikamwekea mtoto mikononi.