Charlène na Feni Isiyo na Sauti

Charlène alipoteza macho akiwa na miaka tisa, surua ilipopita mtaani kwao Bukavu, na tangu hapo hakuna kilichomchosha kama kuonewa huruma. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kaka yake mkubwa, Épitace, watu wa kanisa walimtafutia kazi ya kusuka vikapu. Alisuka viwili, akashukuru, akakataa cha tatu. Akahamia kwenye kibanda ambamo Épitace alitengeneza simu na kompyuta, na humo akajifunza gemu za kupigana.

Alicheza kwa masikio. Kila mpiganaji ana hatua zake, pumzi zake, na namna teke lake linavyotua. Akiwa amevaa kaski ya kusikilizia, Charlène alijua adui yuko kushoto au kulia, kama amechuchumaa au ameruka. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa tatu wakaanza kutafuta visingizio vya kutocheza naye.

Shida ilikuja na gemu mpya. Kompyuta ya Épitace ilikuwa imeungwa kwa vipande vya kompyuta za ofisi, na prosesa yake ya zamani ilizidiwa. Sauti ikawa inakatikakatika. Épitace akaipandisha prosesa kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Gemu ikaenda vizuri, lakini prosesa ikawa inachemka, na kile kifeni kidogo cha juu yake kikanguruma kama chigayo kinachosaga mahindi. Hatua za adui zikazama ndani ya ile kelele.

"Niishushe tu," Épitace alisema.

"Ukiishusha, sauti inakatika. Ukiiacha hivi, mi sisikii. Tutafute feni ingine, Yaya," alimjibu kaka yake.

Divin, aliyekuwa bingwa wa kambi na mpangaji wa mashindano, alikuwa amekaa pale akisubiri simu yake. "Kelele haisumbue mutu," alisema. "Siye tunaangalia. Na machine ya Épitace njo moja tu yenye kuweza hii gemu, tutachezea hapa siku ya posho. We Charlène nitakuweka mgeni wa heshima. Utatoa zawadi."

"Mi sitoe zawadi," alisema Charlène. "Mi nakuja kuichukua. Andika jina langu kwa bachezaji."

Wiki hiyohiyo Charlène na Épitace wakaomba ruhusa ya kutoka kambini, wakapanda kabaza, zile baiskeli za abiria, mpaka barabarani, wakapitia Lumbadzi hadi Lilongwe. Huko Kawale, nyuma ya soko, Mrundi mmoja aitwaye Irangabiye aliuza vipande vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Aliwakaribisha vizuri, kisha akamgeukia Épitace peke yake.

"Dada anataka nini?"

"Dada iko na kinywa," Charlène alijibu. "Mi natafuta feni ya prosesa. Prosesa imepandishwa, inachemka. Na feni isipige kelele."

"Ya kuchezea gemu?" Irangabiye aliuliza. "Nani anacheza?"

"Mi."

Irangabiye aligeukia rafu. Alileta kwanza kipoozeo cha maji, chenye mirija miwili ya mpira na taa za rangi saba, akakiunga kwenye umeme. "Hiki njo kila kijana anataka. Kimya kabisa."

Charlène aliinama, akasogeza sikio. "Pampu yake inalia kama mbu."

"Mbu gani? Mi sisikii kitu."

"Njo sababu nimekuja mwenyewe."

Cha pili kilikuwa kidogo, cha kukaa vizuri ndani ya kasha la kompyuta yao. Kilipozunguka polepole hakikusikika. Épitace alikipenda, na mkono wake ukaanza kwenda mfukoni. "Kipandishe mpaka mwisho," Charlène alisema. "Sitakitumia prosesa ikiwa baridi." Irangabiye akakipandisha. Kikaanza kuzomea, uzi mwembamba wa sauti uliokwenda moja kwa moja. Charlène akatikisa kichwa. Wapiganaji wepesi hutembea kwa sauti kama ileile. Ingekuwa kuwafunika kwa blanketi.

"Na ile ya juu ya rafu?" Épitace aliuliza.

Irangabiye alisita kabla ya kuishusha. Ilikuwa kubwa kama mkate mzima, imejaa vumbi. Charlène aliipapasa: mabomba sita ya shaba, mapezi ya bati jembamba yamepangwa kama kurasa, na feni pana kama sahani. Iliwashwa, ikapandishwa hadi mwisho. Akasikia upepo tu, mzito na wa chini, usiogombana na kitu.

"Hii."

"Haina taa hata moja," Irangabiye alimwonya. "Na rangi yake mbaya, dada."

"Mbaya kwa nani?"

Épitace alitoa karatasi aliyoandika vipimo vya kasha, akapima, akaguna. Feni ilizidi kwa upana wa kidole. "Kifuniko hakitafunga, Charlène. Tuchukue ile ya pili, tafadhali. Mutu hawezi kupata yote."

"Kifuniko ni bati. Bati inakatwa."

"Utaharibu kasha nzima kwa sababu ya gemu?"

"Miaka yote bananiambia nipunguze, nikae kidogo, nienee. Mi sipunguzi. Kasha itapunguza."

Irangabiye akavuta kopo la skrubu, akachambua kwa muda mrefu mpaka akapata vyuma vya kuifungia kwenye bodi ya kompyuta yao. Safari hii aliviweka kwenye kiganja cha Charlène, akamweleza yeye kipi kinatangulia.

Nyumbani Épitace alipaka dawa ya kupitisha joto, akafunga feni, akakata kifuniko kwa mkasi wa bati huku akinung'unika. Charlène alishona kipande cha chandarua juu ya lile tundu, vumbi lisiingie. Joto lililokuwa likifika nyuzi tisini na tano likaishia sabini na mbili. Épitace alilisoma mara mbili.

Siku ya posho kibanda kilijaa. Charlène aliwatoa wawili, akabaki na Divin.

Divin alishinda raundi ya kwanza. Katika ya pili aligundua ujanja: alimpiga, akarudi nyuma, akasimama tuli bila kugusa kitufe. Asiyetembea hana hatua. Watu wakaanza kucheka chinichini, na saa ya raundi ikazidi kwisha, Divin akiwa mbele. Charlène naye akasimama. Akasikiliza. Chini ya muziki, upande wa kushoto, karibu kuliko alivyodhani, mpiganaji wa Divin alikuwa anahema. Akamkamata, akamtupa, hakumpa nafasi ya kuinuka mpaka raundi ikawa yake.

Raundi ya tatu Divin hakusimama tuli tena. Alimwingia kwa kasi, akamshinda kwa tofauti ya pigo moja.

Mama mmoja mlangoni akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, makofi yale laini ya kumtuliza mtoto.

"Acheni," Charlène alisema, bila kuvua kaski. "Nimepigwa. Mutu akipigwa habamupigie makofi."

Divin alikuwa ameshasimama, kaski yake mkononi, jasho usoni.

"Ulinisikia namna gani?" aliuliza.

"Kaa chini nikuonyeshe."

Divin alitazama watu, akatazama mlango. Kisha akavuta kiti, akakaa, akavaa kaski yake. Charlène alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kuanza mchezo mpya.