Sindano ya Nini?

Mlinzi alimleta yule mtoto wa mbwa ndani ya koti lake la kazi, kichwa kimechomoza kati ya vifungo, na kabla hata hajasalimia akamtangazia shemeji yake kwamba kuanzia leo nyumba hii ina bosi. Ndilo jina alilompa: Bosi. Alisema ametumwa na mabosi tangu ndevu hazijaota, na kabla hajaingia kaburini anataka japo mara moja amwambie bosi kaa chini, naye akae.

Shemeji yake alikuwa fundi cherehani, dada wa marehemu mke wake. Aliondoa mguu kwenye pedali, akamtazama mnyama, akamtazama na mwenye mnyama. Waliishi nyumba moja tangu marehemu azikwe, fundi chumba cha mbele na cherehani yake, mlinzi chumba cha nyuma chenye mlango wa uani, na utani ndio uliowawezesha kupishana koridoni bila kulia.

"Shemeji, wewe mwenyewe hufugiki, leo unafuga?"

"Ndiyo maana nimemleta, anifundishe."

Fundi alicheka, lakini alijua mbwa yule hakuletwa kwa mchezo. Kampuni iliyomwajiri mlinzi kulinda ghala ilimpa filimbi na rungu, basi. Masika yaliyopita wezi walimvunja mkono. Kampuni ilisikitika sana, ikampa filimbi nyingine, maana ile ya kwanza ilipotea kwenye purukushani. Alipoomba mbwa akaambiwa mbwa ni gharama, anahitaji kulishwa, anahitaji kutibiwa. Mlinzi hakuthubutu kuuliza yeye anahitaji nini. Watu wa namna ile hawaulizwi, na fundi alikuwa akiwakumbuka mmoja mmoja, kwa sura na kwa gari.

Alichouliza fundi siku ile ni kama mtoto wa mbwa ana afya. Mlinzi akapenua manyoya ya shingoni, akamwonyesha kipara kidogo kama kifungo cha shati. Aliyemuuza alisema ameshapigwa sindano. Fundi akaridhika. Mtu aliyekula kwa sindano maisha yake yote, neno lile kwake lilikuwa sawa na kufuli mlangoni.

Hawakumtoa nje. Fundi aliona wenzao wakiburuta watoto wa mbwa barabarani kwa kamba, akasema huyu atabaki uani mpaka ashupae. Asubuhi mlinzi aliporudi kutoka ghalani, alivua mabuti mlangoni, na Bosi alikuwa akiyasubiri. Alitumbukiza pua ndani ya buti moja, akazungukazunguka, akalala humo, mkia nje. Fundi alimtania shemeji kwamba amepata kiumbe pekee duniani anayeipenda ile harufu. Mlinzi alisema wivu huo.

Halafu asubuhi moja mabuti yalivuliwa, Bosi hakuja.

Walimkuta nyuma ya pipa la maji, amejikunja, ametapika povu. Fundi alimkorogea uji mwepesi, akamnywesha kwa kijiko; ukarudi wote. Akajaribu maji ya sukari, yakarudi. Mlinzi alisema labda Bosi ana mgomo, labda anadai nyongeza. Hakuna aliyecheka. Jua lilipopanda mtoto aliharisha, na iliyotoka ilikuwa damu, yenye uvundo uliomfanya fundi ashike ukuta. Aliujua uoga huo.

Zamani mwisho wa mtaa ule kulikuwa na kituo cha mifugo cha serikali, kina bomba na birika la saruji, na kila mwaka gari lenye kipaza sauti lilipita likiita mbwa wote waje wachanjwe bure. Kiwanja kikauzwa. Sasa lilikuwa jengo la vioo la watu wasiojulikana kazi yao. Fundi alikumbuka aliyetia saini, akawakumbuka na waliopiga makofi. Alipita mbele ya jengo lile na Bosi mikononi, amemfunga kwa kitambaa cha bitana, mlinzi nyuma yake bado na sare na mabuti, na kama macho yangekuwa mawe, vile vioo visingesalia.

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa umri mdogo mwenye aproni ya mpira. Alimfunua Bosi mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama chaki. Akamvuta ngozi ya mgongo, nayo ikabaki imesimama kwa kukaukiwa maji.

"Amechanjwa?"

"Ameshapigwa sindano," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Sindano ya nini?"

Mlinzi alimtazama fundi. Fundi alitazama kile kipara cha shingoni. Daktari akawaambia wampigie aliyemuuza. Simu ilipokelewa sokoni, kwa kelele za sokoni, na yule bwana wala hakubabaika. Mtoto alikuwa na jipu, alisema, akapigwa sindano ya jipu, likapona.

"Ulisema amekingwa," mlinzi alisema.

"Mzee, nilisema sindano. Nani alikutajia chanjo?" Akakata.

Daktari alieleza huku mikono ikifanya kazi, akinyoa mguu mdogo, akitafuta mshipa. Huu ni ugonjwa wa matumbo unaofyeka watoto wa mbwa. Dawa ya kuuua wenyewe hakuna. Ataongezewa maji kwenye mshipa, atapewa dawa za kuzuia kutapika na za kukinga damu isiingiwe na vijidudu, na wasimlazimishe chochote mdomoni. Akivuka siku chache zijazo, amepona. Kinga aliyonyonya kwa mama yake huisha taratibu, ndiyo maana chanjo hurudiwa, haitoshi moja, na kabla hazijakamilika asikanyage palipokanyagwa na mbwa wasiojulikana.

Fundi alimkatiza. Hajakanyaga popote. Hajatoka uani hata siku moja.

Daktari aliinamisha macho sakafuni.

"Na hayo mabuti yanatoka wapi?"

Yanatoka ghalani. Nyuma yake kuna jalala walikojaa mbwa wasio na mwenyewe, ambao wiki zile walikuwa wakifa mmoja mmoja penye uzio, na mlinzi akiwasukuma kando kwa ncha ya buti ili msimamizi asilalamike. Hakuyasema hayo. Aliinama akafungua kamba, akavua moja, akavua la pili, akayatoa nje ya mlango, akarudi, akasimama na soksi zilizotoboka, kama mtu aliyekamatwa.

Bosi alibaki pale na mrija mguuni. Wao walikaa kwenye benchi nje, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende. Fundi alihisi kitu kinamjia tangu lile swali la sindano, na aliomba kisifike, kikafika. Dirisha la hospitali. Dada yake ameegemea ukuta, homa inamtikisa. Mwuguzi bila kuinua uso: ameshapigwa sindano, mrudisheni nyumbani. Walimrudisha wakishukuru, tena kwa furaha. Hakumaliza juma.

Mlinzi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Hata kwa yule hatukuuliza," alisema.

Miaka yote hawakuwahi kuligusa jambo hilo. Fundi alikunja kile kitambaa cha bitana, akakikunjua.

"Tungeuliza, wangetujibu?"

"Sijui, shemeji. Ila tungekuwa tumeuliza."

Siku zilizofuata fundi aliusugua ua kwa klorini mpaka macho yakamwasha. Kitambaa alichomlalishia mtoto alikichoma. Mabuti yalisimama nje ya geti ndani ya beseni la dawa, na mlinzi aliingia peku. Daktari alikuwa ameonya kwamba ugonjwa ule unakaa ardhini miezi na miezi, hauonekani wala haunuki, na fundi alianza kuuogopa ua wake mwenyewe, kila ufa wa saruji, kila jani lililopeperushwa na upepo. Akawa anangoja simu ya daktari. Siku moja ililia mguu ukiwa kwenye pedali, akajishona kidole. Alikuwa mteja, anauliza gauni.

Kisha ikalia ya mlinzi. Alisikiliza, akasema haya, akaiweka mfukoni.

"Daktari anasema twende."

"Twende kwa nini?"

Mlinzi aliinama kutafuta kandambili.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Fundi hakumtukana. Nguvu zenyewe hakuwa nazo. Walishika njia, yeye amebeba kitambaa kipya, kikubwa kiasi cha kufungia kitu kisichojongea, na alijichukia kwa kukibeba.

Mlangoni walisikia ngurumo nyembamba. Bosi alikuwa amesimama, miguu inatetemeka kama ya meza mbovu, mbavu zote nje, anamgombeza mfagiaji na ufagio wake. Fundi alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Ulipowadia wakati wa chanjo alikuwa amerudi mwili kidogo. Walimbeba kwenye kapu, kwa kuwa barabara bado hawakuiamini. Daktari alimweka mezani, akavuta dawa, akakaribia. Mkono wa mlinzi ukatangulia kufunika shingo ya mtoto.

"Sindano ya nini?"

Daktari alisimama. Hakukasirika. Akawaonyesha kichupa, akaeleza kwamba ule wa matumbo mwili wake umeshaujua, lakini kuna homa nyingine inayoua watoto wa mbwa, na hii ndiyo kinga yake. Itarudiwa, na ya kichaa cha mbwa itakuja peke yake.

"Rudia, daktari. Taratibu."

Alirudia. Fundi aliyafuatisha maneno kwa midomo, kimyakimya, mpaka yakamkaa. Bosi alikuwa akihangaika, anatafuta pa kurukia.

"Bosi," mlinzi alisema. "Kaa chini."

Bosi alimtazama, akakaa.

Fundi aligeuka amwone shemeji yake akicheka, maana ndilo jambo alilolingoja umri mzima. Hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa kwenye ile sindano, na mkono hakuuondoa mpaka ilipotoka.