Neno Lililokaa Kigodani

Jumamosi, alipomaliza kudeki sebule, mama alilipangusa neno lake kwa kitambaa kibichi, akalirudisha kigodani kando ya cherehani. Alianzia juu akashuka, akipitisha kidole kwenye maungio yake kama mtu anayepangusa muwa. Neno lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima na rangi ya majivu yaliyolowa. Halikuwa na macho, lakini mtu akipita karibu lilijikunja kidogo kumpisha.

Lilimfuata kutoka hospitali siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, binti yake akiwa kichanga. Hilo halikuwa jambo la kusimulia. Kila aliyelazwa hospitali ile alirudi na neno. Madaktari wa pale walikuwa na kawaida ya kutaja maneno wakiwa wananawa mikono, wamempa mgonjwa mgongo. Neno lililotamkwa bila kuelezwa lilikuwa halina pa kwenda, kwa hiyo lilimsubiri mgonjwa mlangoni, kando ya viatu vyake, na akitoka lilitoka naye. Fundi viatu wa nyumba ya pili alikuwa na lake, lililokuwa likilala magotini pake kama paka. Mengine yalikuwa mafupi, ya kutiwa kapuni na kwenda nayo sokoni. La mama lilikuwa refu kuliko yote ya mtaa, na majirani walimhesabia hiyo kuwa ni heshima. Mtu aliyepewa neno kama lile, walisema, lazima alitibiwa vizuri.

Mama naye alilichukulia kama mgeni mtukufu. Hakuwahi kulipandishia sauti, na alikuwa na mengine ya kumshughulisha. Baada ya binti yule hakupata mimba tena. Alikunywa dawa za miti mpaka ulimi ukafa ganzi. Mawifi zake walisema amejifunga kizazi makusudi, kwa choyo, ili asiwazalie ukoo wao. Wifi mkubwa aliyasema hayo jikoni kwa mama, akila chakula cha mama, na akaomba aongezewe mchuzi. Mume alivumilia maneno ya dada zake kwa muda, kisha akaoa kwingine. Mama akabaki na binti, na cherehani, na neno.

Binti alikua mwenye haya. Alipoitwa jina darasani masikio yalimwaka moto, na sauti yake haikuwahi kuvuka dawati la kwanza. Hata hivyo alifaulu, akaingia chuo cha wauguzi, na huko akafundishwa na muuguzi mstaafu ambaye wanafunzi walimwita Mkasi. Mkasi hakuwaruhusu kukariri. Alisema anayekariri neno la kitabibu amemeza jiwe. Litamkaa tumboni na halitamshibisha. Alilichukua neno ubaoni na kulikata vipande mbele yao: kiambishi cha mwanzo, mzizi, na kiambishi cha mwisho. Vipande vilianguka mezani kwa kishindo kidogo, na wanafunzi walipokezana kuvishika. Nefro ilikuwa figo. Hepato ilikuwa ini, nzito, yenye unyevu. Kadio ilikuwa moyo, na ilibidi ishikwe kwa mikono miwili kwa sababu ilirukaruka. Sheria yake ilikuwa moja: anza na mkia. Mkia ndio unaosema limetendeka nini. Ukishajua lililotendeka, panda juu uulize limetendeka wapi.

Alipokuja nyumbani likizo, binti alimkuta fundi viatu amekaa sebuleni, akisubiri suruali yake itiwe kiraka, neno lake likiwa magotini. Mama alimwambia fundi kwamba mtoto sasa anasoma mambo hayo. Fundi akasema kama ni hivyo na alisome hili, kwa maana ameishi nalo muda mrefu na hajui hata linakula nini. Binti akapiga goti, akalishika mkia, akauvuta taratibu mpaka ukaachia.

"Itisi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni kuvimba, na moto ndani yake. Na huku juu ni athro. Viungo. Viungo vimevimba, mjomba."

Fundi alikitazama kipande kimoja, akakitazama cha pili.

"Baridi yabisi?"

"Ndiyo hiyo."

"Ile ya bibi yangu? Iliyomwua akichechemea?" Fundi alionekana kama mtu aliyetukanwa. "Miaka yote hii nampisha njia, kumbe ni wa nyumbani."

Mama alicheka mpaka akakosea mshono. Kisha akainua mguu kwenye cherehani, na gurudumu likazunguka peke yake hadi likasimama.

"Na langu?"

Fundi viatu aliona kwamba suruali inaweza kungoja. Aliaga, akaenda zake na vipande vyake mfukoni.

Binti alikaa chini mbele ya kigoda. Neno la mama halikumkwepa. Lilikuwa limemzoea tangu akiwa mchanga. Aliushika mkia na kuuvuta, na ulitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia, kama ulikuwa unangoja kuombwa. Ulikuwa mwembamba, wenye makali upande mmoja, na baridi kama kitu kilichotolewa kwenye barafu.

"Ektomia," akasema. "Kuna kitu kilikatwa kikatolewa."

"Kitu gani?"

Binti alikuwa ameshaweka kiganja juu ya mzizi. Ulikuwa wa mviringo, mkubwa kama ngumi, na ulikuwa na joto. Alikuwa ameushika mwingine kama huo darasani kwa Mkasi.

"Mama, ukae kwanza."

"Nimekaa."

"Ni histero. Ni kizazi, mama."

Mama aliutazama mzizi. Alikata uzi kwa meno, akageuza suruali ya fundi, akaangalia kiraka kama kimenyooka.

"Basi yale yote niliyokunywa," akasema, "nilikuwa namwagilia shamba lililokwisha uzwa."

Hakulia, na binti aliyekuwa amejiandaa kumbembeleza akakosa la kufanya na mikono yake. Mama alimwambia akapike. Jumatatu yake asubuhi alivaa gauni alilokuwa analitunza kwa harusi za watu, akaufunga mkia ndani ya gazeti, akauweka mzizi mgongoni kwa ile mbeleko aliyombebea binti, akamwambia binti amfuate.

Daktari aliyemhudumia wakati ule sasa alikuwa mganga mkuu, na nywele zake zilikuwa nyeupe. Walimkuta ofisini kwake ananawa mikono. Mama alifungua gazeti mezani. Daktari aligeuka, akifuta vidole kimoja kimoja. Hakumkumbuka mama, lakini kazi ya mikono yake mwenyewe aliitambua mara moja.

"Huu ulikuwa mkato safi," akasema. "Mshono haukukusumbua?"

"Haukunisumbua."

Daktari alieleza kwamba bila shaka mama alikuwa anavuja damu, kwamba wenye hali ile wasipokatwa hufa, na kwamba mtoto angelelewa na watu baki. Alieleza kwa upole, kwa maneno mepesi, na binti aliona kwamba maneno mepesi alikuwa nayo siku zote.

"Huenda ni kweli," mama akasema. "Ndiyo maana sikuja na matusi. Lakini hukuniambia."

"Nilikuambia. Nililitaja."

"Uliliambia bomba la maji, daktari. Mimi nilikuwa nyuma yako."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Mama aliusukuma mkia hadi katikati ya meza, juu ya karatasi zake.

"Hiki ni chako. Ulikifanya wewe, kaa nacho wewe. Mimi nimelipangusa vumbi la kazi yako vya kutosha. Hiki cha mgongoni ni changu, ninakwenda nacho."

Daktari aliwaita wahudumu wawili wakiondoe. Walikishika huku na huku, wakahesabu, wakainua, na hakikuondoka. Meza iliinuka nacho. Mhudumu mmoja alisema labda wamwite fundi seremala. Daktari alisema waache, akazipanga karatasi zake pembeni. Kisha akamgeukia binti, akamwambia kwamba wanafunzi wa chuo chake huletwa hapa kwa mafunzo ya wodini, na kwamba mwanafunzi anayefungua maneno ya wagonjwa nje ya darasa huwa hapati nafasi hiyo.

"Nimekusikia, daktari," binti akasema. Masikio yalikuwa yanamwaka. Hakusema kwamba atatii.

Mkia ulibaki pale. Wafagiaji waliuzoea, wakawa wanapitisha kitambaa kuuzunguka, na katibu alikuwa akichomeka bahasha chini yake zisipeperushwe na feni. Daktari aliendelea kunawa mikono na kutaja maneno. Wifi mkubwa alipopata habari alisema mwanamke makini haibiwi kitu kilicho tumboni mwake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, na safari hii hakumpa mchuzi.

Likizo haikuwa imekwisha. Binti alianza kukaa kila asubuhi kwenye ukuta mfupi nje ya lango la hospitali, mahali wagonjwa hupumzika kabla ya kuanza mwendo. Mlinzi alimwambia maagizo yametoka juu kwamba asikae pale. Binti alisema ukuta uko upande wa barabara. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika, na ya pili alisikika mpaka mapokezi. Mlinzi, ambaye mkewe alikuwa na neno nyumbani, alirudi kwenye kiti chake.

Lango lilifunguliwa. Alitoka mwanamke wa makamo, mkono mmoja umeshikilia ubavu, mwingine umebeba mfuko wa nguo. Nyuma yake lilikuja neno jipya, bado linang'aa, likijifunza kutembea kwenye kokoto.

Binti alimwamkia, akampokea mfuko, akampisha akae. Akamwuliza kama wodini kuna aliyemweleza habari ya yule anayemfuata. Mwanamke alisema aliambiwa tu asinyanyue ndoo. Binti akamwomba ruhusa alishike.

Mwanamke alilitazama neno, kisha akamtazama yeye.

"Ni habari njema au mbaya, mwanangu?"

"Sijui bado, mama," binti akasema, akikunja mikono ya gauni. "Lakini ni yako."